Baba amefariki na kila mtu anataka saini yangu. Nianzie wapi?

Shikamoo mama,

Baba yangu amefariki, leo ni siku ya 11. Hakuwa mgonjwa. Alitoka kuoga, akakaa kitandani, akavaa soksi moja. Mama alipoingia chumbani alimkuta ameegemea ukuta, soksi ya pili iko mkononi. Tumemzika. Zile siku za mwanzo watu walikuwa wengi na kila jambo lilikuwa na mtu wake, mimi nilikuwa nasukumwa tu. Sasa wameondoka, nyumba imebaki na sisi na makaratasi.

Mimi ni mtoto wa pili. Nina kaka mkubwa, na mdogo wetu wa kiume ana miaka 15. Mambo ya karatasi baba alizoea kuniachia mimi. Miaka 4 iliyopita, alipofanyiwa upasuaji wa mgongo, alisaini kwa mwanasheria hati ya uwakilishi ili niweze kwenda benki na ofisini kwa niaba yake. Hati hiyo ninayo mpaka leo. Baba mdogo ameikumbuka, na kila akija ananiambia niitumie kuhamisha gari na kiwanja kwa jina la kaka "kabla serikali haijajua". Ameshaleta fomu. Inangoja saini yangu.

Kaka naye ana kadi ya benki ya baba na namba ya siri anaijua. Tuna deni la mazishi na anataka atoe fedha tulipe. Anasema fedha ni za baba, mazishi ni ya baba, kosa liko wapi? Gari pia analiendesha yeye tangu msiba, alikuwa akipeleka wageni.

Juzi alikuja mtu tusiyemjua. Alisema baba alikopa kwake fedha nyingi. Hana karatasi yoyote, ila alisema mtu mzima halali kaburini na deni la watu, na mali isipotosha watoto wa kiume wapo. Akamtazama mdogo wangu wakati anasema. Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Mama hasemi, mama. Hali chakula cha maana, halali, mara mbili tatu ameshika kifua akasema kimembana, kisha akasema kimeachia. Jana nimegundua kwamba vidonge vyake vya presha hajavigusa tangu siku ile. Baba ndiye aliyekuwa akimpa kila asubuhi.

Halafu kuna simu ya baba. Kila alfajiri saa kumi na nusu inalia kengele aliyoiweka ya kumwamsha kwenda kazini. Inalia hadi inyamaze yenyewe. Mama huamka, akakaa kitandani. Kaka anasema tukaifunge laini kabisa, maana hata wanaopiga kumtafuta baba wanatutonesha. Mimi sijui.

Na mimi sijalia. Shangazi anasema niko katika hatua ya kwanza, ya kukataa, nisubiri zinazofuata. Naogopa kwamba nina kasoro. Usiku naandika orodha ya vitu vya kufanya, nikifika ukurasa wa pili naishia kuitazama. Nianzie wapi?

Mtoto wa pili

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Hiyo soksi ya pili imekaa nami tangu niliposoma barua yako.

Orodha iweke kando kidogo. Umeuliza uanzie wapi: anzia kwa mama, na iwe leo. Mpeleke hospitali, ubebe vile vidonge mkononi, umweleze daktari tangu lini hajanywa na mara ngapi kifua kimembana. Usimrudishie vidonge kwa kukisia, wala usimpe viwili vya kufidia alivyokosa; daktari ndiye aseme aanze vipi. Na kama kifua kitambana tena kabla hamjatoka, au akakosa pumzi, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi. Kifua cha mfiwa watu hukichukulia kuwa ni huzuni tu. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo moyo hudhoofika ghafla baada ya mshtuko mkubwa, na dalili zake hazitofautiani kwa macho na shambulio la moyo. Waliiita takotsubo, jina la chungu cha kunasia pweza, kwa sababu chumba cha chini cha moyo huonekana kimevimba mfano wa chungu hicho. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa mama yako, waliokwisha kukoma hedhi, na wengi hupona wakiwahi kutibiwa. Sisemi mama anayo. Nasema vipimo viseme, tusiseme sisi. Na kuanzia leo kuwe na mtu mmoja anayejulikana kwa kazi ya kumpa vidonge vyake kila asubuhi, kwa sababu aliyekuwa akiifanya hayupo.

Ukishatoka huko, ichukue ile orodha na uipitie kwa swali moja tu: hiki kisipofanyika wiki hii, kuna kitakachoharibika? Utashangaa. Nguo za baba, vyombo vyake, nani atakaa chumba gani, kiwanja kitakuwa cha nani, hayo yote yanaweza kungoja miezi na yasiharibike. Ila yanayoweza kungoja ndiyo watu huyapigia kelele, na yale yasiyongoja hukaa kimya kama vidonge vya mama. Fomu ya baba mdogo iko katika yale yanayongoja. Cheti cha kifo hakingoji.

Hebu nikae hapo kwenye cheti, kwa sababu ndipo milango yote inapofungukia. Mmezika, kwa hiyo bila shaka mlipata kibali cha mazishi, na familia nyingi hudhani shughuli na ofisi imeishia hapo. Kibali si cheti. Kifo kinatakiwa kuandikishwa kwa msajili, na kila nchi ina muda wake. Kuna zinazotaka ndani ya siku chache na kuna zinazotoa wiki kadhaa, na ukichelewa huongezeka viapo, faini au maelezo marefu. Kwa kuwa baba alifia nyumbani na ghafla, hakikisheni mnayo karatasi ya daktari inayotaja sababu ya kifo. Msajili ataitaka, na watu wa bima wataisoma neno kwa neno.

Kabla hujapokea cheti dirishani, kisome pale pale umesimama. Jina la baba liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi, na kwa mpangilio ule ule. Mimi mume wangu alipofariki nilipokea cheti nikakikunja nikakitia kwenye pochi, macho yamejaa machozi, sikukisoma. Herufi moja ya jina lake la mwisho ilikuwa imebadilishwa. Benki wakaniambia huyu wa cheti si huyu wa akaunti. Nilirudi ile ofisi mara 5, nikala kiapo, nikangoja miezi 4, kwa herufi moja ambayo ningeisahihisha kwa dakika 2 kama ningefungua ile karatasi. Na kama majina ya baba yenyewe yanatofautiana, huku yapo mawili, kwenye hati ya kiwanja matatu, mahali pengine kuna jina la utani lililozoeleka, liandike sasa kwenye daftari lako, kwa sababu mtahitaji kiapo cha kueleza kwamba hao wote ni mtu mmoja. Omba nakala kadhaa zilizothibitishwa. Kila ofisi itataka ya kwake, na usimwachie mtu yeyote ile halisi, hata ndugu, hata kwa siku moja.

Sasa fomu ya baba mdogo. Usisaini. Hati ya uwakilishi hufa na aliyeitoa. Ile hati ilikuwa inakuruhusu kufanya ambayo baba angeyafanya mwenyewe. Dakika ile alipokata roho, ruhusa ikaisha, hata kama karatasi bado ina mhuri na tarehe yake haijapita. Ukiitumia leo kuhamisha gari au kiwanja, umesaini kwa niaba ya marehemu kana kwamba yu hai, na hilo mahakamani lina jina baya. Uhamisho wenyewe unaweza kubatilishwa miaka mingi baadaye, na jina litakalokuwa chini ya karatasi ni lako, si la baba mdogo. Sitaki kumdhania vibaya. Wazee wengi wamewahi kuona mali ya ndugu ikipotelea ofisini na ndiyo hofu yake. Mjibu kwa adabu: "Baba mdogo, hati ile imekufa na baba, nimeulizia, nikisaini nitafungwa mimi." Halafu itie kwenye bahasha pamoja na fomu yake, usiichane, maana msimamizi wa mirathi anaweza kuulizwa habari zake.

Huyo msimamizi ndiye mtu mnayemhitaji. Kama baba aliacha wosia, humo huenda ametaja nani asimamie. Utafuteni: kwa yule mwanasheria aliyemwandikia hati ya uwakilishi kwanza, kisha benki, kisha kwa kiongozi wa dini aliyemwamini, kisha nyumbani kati ya makaratasi. Kama hakuna wosia, familia hukaa ikapendekeza mtu, na mahakama au chombo kinachohusika kikamthibitisha. Katika nchi nyingi kuna sheria ya mirathi ya serikali, na kuna ya dini, na kuna ya mila, na familia moja inaweza kuangukia mojawapo kutegemea maisha aliyoishi marehemu. Ulizeni mapema ni ipi inawahusu ninyi, kabla ya kikao chochote cha kugawana, kwa sababu vikao vingi huvunjika pale kila mtu anapokuja na sheria yake mfukoni. Msimamizi ndiye atakayekusanya mali, atalipa gharama za mazishi na madeni, ndipo warithi wapate. Mpangilio huo una sababu. Akigawa kwanza na mdai halali akatokea baadaye, anaweza kulazimika kumlipa kwa fedha yake mwenyewe. Na mdogo wenu wa miaka 15 hawezi kusaini kukubali wala kuachia fungu lake. Fungu la mtoto lina ulinzi wake, na kikao chochote kinachomruka hakifai.

Kaka yako ana hoja inayosikika kuwa ya haki, kwa hiyo usimjibu kwa hasira. Fedha zilikuwa za baba na mazishi ni ya baba, kweli. Lakini tangu alipofariki, fedha hizo si za baba tena wala si za kaka. Ni za mirathi, na kadi ile ilitolewa kwa mtu mmoja atumie yeye. Taarifa ya akaunti itaonyesha fedha zimetoka baada ya tarehe ya kifo, kwenye mashine, na swali litakuwa nani. Nimeona ndugu waliopendana wakiitana mwizi kwa risiti ya mashine ya fedha ambayo kweli ilikwenda kwenye jeneza. Kadi irudishwe benki pamoja na nakala ya cheti. Akaunti ya jina la baba peke yake itafungwa kwa muda, hilo mlitarajie, kwa hiyo kama kuna malipo yanayokatwa humo kila mwezi, kodi ya nyumba, ada, bima, andikeni mapema yatalipwaje. Kama ni akaunti ya pamoja na mama, mara nyingi mama huendelea nayo, ila muulize benki masharti yake. Na muulizeni hapo hapo kama wanaruhusu gharama za mazishi kulipwa moja kwa moja kwa ankara. Baadhi ya benki hukubali.

Fedha za kulipa hilo deni la mazishi zinaweza kutoka kwingine, na hapa ndipo ningependa kaka aelekeze miguu yake. Baba alikuwa na kazi. Kengele yake inasema hivyo. Aende kwa mwajiri na cheti, aulize mambo haya yote kwa mkupuo: mshahara wa siku alizofanya, likizo ambayo hakuichukua, rambirambi za ofisi, kiinua mgongo, pensheni, na kama wafanyakazi walikuwa na bima ya maisha ya pamoja. Hiyo ya mwisho husahaulika sana, kwa sababu mtu huwekwa humo siku ya kuajiriwa na hasemi nyumbani. Katika bima nyingi za maisha na mifuko ya pensheni, yule aliyeandikwa kuwa mnufaika hulipwa moja kwa moja bila kungoja mirathi, kwa hiyo kama ni mama, huenda hiyo ndiyo fedha ya kwanza kuingia nyumbani. Kama baba alikuwa na mkopo benki au kwenye chama cha akiba, ulizeni kama ulikuwa na bima. Mikopo mingi hukatiwa bima inayoifuta mkopaji akifa, na familia huendelea kulipa bila kujua. Risiti zote za mazishi ziwekwe pamoja, hata zile ndogo za usafiri na maji. Sheria za nchi nyingi huhesabu gharama za mazishi kuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kulipwa kutoka mali ya marehemu, ila aliyelipa lazima aonyeshe karatasi.

Gari likae. Bima yake iko kwa jina la mtu aliyefariki, na likigonga mtu kesho kampuni inaweza kukataa kulipa, na gharama hiyo itamfuata kaka. Mpigieni wakala wa bima mumwambie mmiliki amefariki, akueleze linaweza kuendeshwa kwa masharti gani. Kabla ya hapo funguo zikae kwa mama.

Yule mtu wa deni. Msimkane na msimkubali, na kubwa zaidi, msimpe hata shilingi ya kumtuliza. Malipo kidogo yanaweza kuchukuliwa kuwa mmekiri. Mwambieni aandike: kiasi gani, lini, kwa kazi gani, nani alishuhudia, fedha zilipita njia gani, kisha asaini na aache nakala ya kitambulisho. Mwenye deni la kweli ataandika. Mkikabidhi kwa msimamizi, yeye ataipima pamoja na madai mengine. Na maneno yake kwamba watoto wa kiume wapo, hayo si sahihi kama alivyoyasema. Nchi zinazofuata sheria ya asili ya Kiingereza, deni hulipwa kutoka mali ya marehemu, na mali ikiisha deni linaishia hapo. Watoto hawadaiwi isipokuwa walisaini kuwa wadhamini au walikopa pamoja naye. Kuna nchi nyingine ambako anayepokea urithi hupokea na madeni yake, na kwa hiyo sheria humpa nafasi ya kuukataa. Ujerumani, kwa mfano, mrithi ana wiki 6 za kuukataa tangu ajue kwamba yeye ni mrithi. Zikipita, anahesabiwa ameukubali. Muulize mwanasheria ninyi mko upande gani, na hilo liwe miongoni mwa maswali ya wiki hii, kwa sababu lina saa inayokwenda.

Mdogo wako naye umemtaja mara mbili tu, na mara ya pili anatazamwa na mdai. Leo jioni kaa naye pembeni umwambie waziwazi: hudaiwi. Mtoto wa miaka 15 aliyefiwa na baba akaambiwa vile anaweza kulala na maneno hayo mwaka mzima asimwambie mtu. Na shule ijulishwe, apewe mwalimu mmoja anayejua, ili akisinzia darasani asichapwe kwa jambo wasilolielewa.

Watapiga na wengine simu, watakaojiita wa benki, wa pensheni, wa kampuni ya simu, wakitoa pole kisha wakitaka namba ya siri ili "wafungue mafao". Tangazo la msiba husomwa na matapeli pia. Hakuna ofisi ya kweli inayohitaji namba ya siri ya marehemu. Kateni, mwende wenyewe kwenye ofisi.

Nunua daftari moja gumu. Kila ofisi utakayokwenda, andika tarehe, uliongea na nani, alikuambia ulete nini. Akili ya mfiwa inavuja, si uzembe. Utaambiwa jambo dirishani na ukifika nje umelisahau, ndiyo maana daftari. Na usiende peke yako. Gawa: kaka mwajiri na bima, wewe cheti na benki, baba mdogo mpe kazi ya kumtafuta mwanasheria wa zamani, kwa kuwa ana miguu na ana haraka. Jioni moja kwa wiki mkae mbele ya mama, daftari likiwa wazi, kila mtu aseme alikofika. Mama asitakiwe kuamua lolote, asikie tu. Zile nguo, mtu asizigawe mpaka yeye aseme, na zikigawiwa mifuko ikaguliwe kwanza. Risiti, namba na karatasi za akiba hukaa humo.

Kuhusu kutolia. Hatua anazozisema shangazi yako zilitokana na kazi ya daktari Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, na alizieleza baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe. Zilivalishwa wafiwa baadaye. Huhitaji kuzipitia kwa zamu, na kuna watu hawazioni kabisa. Wewe tangu siku ya kwanza umeshika karatasi za watu wote. Mwili wako umeahirisha kulia kwa kuwa haukupewa nafasi. Machozi yanaweza kuja mwezi ujao, mbele ya karani, kwa sababu ya sauti ya mtu anayefanana naye. Yakija, yaache. Yasipokuja, hiyo haina maana kwamba hukumpenda baba. Kinachonihangaisha zaidi kwako ni usingizi na hiyo orodha ya usiku: andika mchana, na ikifika jioni funga daftari ulitoe chumbani. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linautambua msiba unaokwama: majonzi makali yasiyopungua, yanayomzuia mtu kuishi, kwa zaidi ya miezi 6. Wewe una siku 11. Lakini ukianza kuona heri usingekuwepo, hapo usihesabu miezi, mwambie mtu siku hiyo hiyo na uende kwa daktari.

Imebaki simu, na nimeiacha mwisho kwa makusudi. Msiifunge laini. Mimi nilifunga ya mume wangu wiki ya pili, kwa sababu zile zile za kaka yako. Benki walipotaka kutuma namba ya kuthibitisha, ilikuwa inakwenda kwenye laini isiyokuwepo. Barua pepe yake ikataka hivyo hivyo, na fedha zilizokuwa kwenye akaunti ya simu zikanichukua muda mrefu kuzipata. Baadaye laini inayokaa bila kutumika kampuni huweza kumpa mteja mwingine. Kwa hiyo iacheni hai, iwe na chaji, iongezwe salio kidogo kila inapotakiwa, mpaka ofisi zote zimalizike. Msifute chochote, msiirudishe upya kama ya dukani. Kama baba alikuwa Facebook, kuna njia ya kuiomba kampuni iufanye ukurasa wake kuwa wa kumbukumbu ili mtu asiuchezee, hilo linangoja. Lisilongoja ni picha na sauti. Mpe kazi hiyo mdogo wako, wao wanajua: anakili picha zote na kila ujumbe wa sauti ambao baba aliwahi kutuma, aviweke mahali pawili. Sauti ya mume wangu sina. Nina picha nyingi, lakini alivyokuwa akiniita kutoka mlangoni sina tena mahali pa kusikia.

Wanaopiga kumtafuta, apokee mmoja wenu, maneno yawe mafupi: amefariki tarehe fulani, tumezika, asante. Andikeni aliyepiga ni nani na alitaka nini, kwa kuwa kati yao kuna waliokuwa wakidaiwa na baba, na hao hawatakuja nyumbani.

Na kengele ya saa kumi na nusu usiizime kwa siri usiku huu ili mama apate kulala. Mkirudi hospitali, akishakula kidogo, mketishe umuulize: mama, ile kengele ya baba, tuiache au tuizime? Akisema iachwe, iache, hata miezi. Akisema izimwe, mpe simu mkononi, umwonyeshe pa kubonyeza.